Nimekuja kwa Ajili ya Jirani

Tarehe 3 Machi

Umetoka gazetini! Mwanangu, kifungua mimba wangu, umetoka gazetini, picha nzima, kichwa mpaka mikono, na mimi mama yako nusura niache ufungiwe sabuni!

Haya, sasa salamu. Hujambo mwanangu? Unakula? Unalala? Mimi mzima kabisa, ila magoti yanalalamika nikikaa sana kwenye cherehani, na macho yanataka uzi niuingize kwa kubahatisha. Hayo ni ya umri, usiyatie moyoni.

Ilikuwa hivi. Nimekwenda dukani kununua kipande cha sabuni. Muuza duka anachana gazeti la zamani anifungie, mara naona jicho. Nikasema, hili jicho nalijua, hili jicho nimelizaa mimi. Nikamshika mkono. Akasema, "Mama, niache nifanye kazi, kuna watu nyuma yako." Nikamwambia, "Watu wangoje! Huyo unayemkunja ni mwanangu!" Duka zima likaja kuchungulia. Uko nyuma ya kioo, umevaa ile blauzi niliyokushonea mimi, kola imekaa sawa, na mbele yako kuna mama mmoja amekupa mgongo. Chini wameandika: mmoja wa makarani wa dirisha la msaada wa bili akimhudumia mkazi. Hapo kwenye "mmoja wa makarani" mwandishi amekosea. Nimepitisha kalamu nikaandika "mkuu".

Picha nimeibandika mlangoni kwangu, upande wa nje. Uani hapa sasa hakuna anayepita bila kusimama. Kinyozi amesema unafanana na mimi nilipokuwa kijana. Nikamwambia ananikuta bado kijana. Mama Pacha ameleta wale watoto wake wawili wakuone ili wakue na akili. Mfuaji wa mlango wa pili, unamkumbuka, yule mwembamba anayefulia nyumba ya wageni, ameangalia kwanza, halafu akasema, "Ana mikono ya mtu mpole." Yeye na maneno ni maadui.

Sasa kuna jambo dogo, wala si langu. Kuna jirani mmoja hapa, mama mtu mzima mwenye heshima zake, bili ya maji imemzidi kimo. Tangi la choo chake lilikuwa linavuja kwa ndani, linavuja usiku na mchana bila sauti, hakujua. Bili ilipokuja kubwa akasema hawa wamekosea, watajiona wenyewe, hakwenda kuuliza. Ikaja nyingine, akanyamaza. Nyingine, akanyamaza. Tangi limeshatengenezwa sasa, lakini lile deni liko palepale limekaa kama mgeni asiyeaga. Ananiuliza, kwa kuwa mwanangu ndiye mwenye dirisha, mtu kama huyo anafanyaje? Tena bila kuonekana na watu. Mimi simjui sana, namwonea huruma tu.

Nijibu kwa barua, usipige simu. Simu ni ya salamu. Ukuta wangu na wa Kinyozi ni mmoja, na masikio yake ni makali kuliko wembe wake. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, mpe huyohuyo jibu.

Mimi mama yako, ambaye leo siwezi kupita mlangoni bila kujipongeza.

*

Tarehe 14 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala. Pole na magoti. Cherehani iache jioni, kesho utaikuta hapohapo.

Nimecheka kuhusu sabuni mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kulikoni. Lakini Mama, lile neno ulilolikata lirudishe. Mimi si mkuu. Tuko makarani wanne, na kiti changu kinalia nikigeuka. Tafadhali usiwaambie watu vingine.

Kuhusu jirani yako. Huku kwetu mtu wa namna hiyo tunamwambia asilipe kidogo kidogo kabla ya kuja. Akilipa kidogo, anahesabiwa kuwa anazo, na msaada unampita. Anakuja na bili na kitambulisho, anaeleza kilichotokea, tunamwandikisha. Akishaandikishwa maji yake hayakatwi mpaka shauri lake liamuliwe. Na kama tangi lilivuja kisha likatengenezwa, sehemu ya deni inaweza kufutwa. Lakini hayo ni ya mji huu, Mama. Kila mji una ofisi yake ya maji na utaratibu wake. Kabla ya kufanya lolote, jirani yako aende kwanza akaulize ofisi ya huko. Hilo ndilo kubwa katika yote niliyoandika.

Nikusimulie kitu cha kazini. Pale dirishani hakuna anayekuja kwa ajili yake mwenyewe. Anakaa, anapangusa kioo kwa kidole, anasema, "Nimekuja kwa ajili ya jirani yangu." Nami namjibu kana kwamba huyo jirani yupo. Namweleza kila kitu, taratibu. Mwisho, akishajua kwamba hapigwi kelele, anafungua mkoba na kutoa kitambulisho, na jina ni lake. Sijawahi kumuuliza mtu jirani kaenda wapi.

Mwambie jirani yako kwamba dirishani hakuna anayecheka.

Na wewe, Mama, maji yanatoka kwako? Ukihitaji chochote, sema.

Binti yako.

*

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu, kiongozi wangu,

Marahaba, marahaba. U mzima? Mimi mzima kupita kiasi, tena sasa nina kazi mbili!

Barua yako nimeisomea barazani kwa sauti. Walikuwepo Kinyozi, Mama Pacha, yule mzee mstaafu wa chumba cha mwisho, na Mfuaji aliyesimama na beseni kichwani. Kumbe kila mmoja ana bili iliyomkaa kooni! Kinyozi mwenyewe, na mdomo wake wote ule, miezi na miezi hajalipa. Nilipofika pale "asilipe kidogo kidogo kabla" Mama Pacha akapiga kofi. "Mimi kesho nilikuwa nakwenda kulipa nusu!" Nikamwambia, "Thubutu! Ukilipa nusu umejifunga mwenyewe. Tulia, ngoja siku yao ya kuandikisha, mwezi ujao. Mtu wa dirisha ndivyo alivyosema." (Hilo la mwezi ujao nimeliongeza mimi, watu wanapenda kupewa siku.)

Basi tangu siku hiyo nimetoa meza ndogo, kitambaa nimetandika, miwani nimevaa, na kila jioni watu wanakuja kuuliza. Wananiita Mama Dirisha! Hata wa nyumba ya jirani, wale wasionisalimia, wamekuja. Yule mstaafu alitaka kulipa sehemu ili alale usingizi, nikamtuliza. Mfuaji ndiye aliyenisumbua. Akauliza, "Mama, na ofisi ya hapa wanasemaje?" Nikamwambia, "Wewe, kati ya ofisi ya hapa na mtu aliyetoka gazetini, nani anajua?" Akatikisa kichwa, akaenda kuanika. Yeye ndiye mwenye hofu kuliko wote kwa sababu bila maji hana kazi, nyumba ya wageni wanampa mashuka kila siku. Lakini amekubali. Alikuwa na kipande cha fedha amekiweka cha bili, ameninyooshea mkono kama mtu anayekula kiapo, akasema, "Basi hii nainunulia sabuni."

Ule mstari wako wa kuuliza ofisi ya huku sikuwasomea. Waulize nini na mimi nipo?

Uliniuliza kuhusu maji. Yanatoka vizuri sana, jana nimeoga mara mbili. Hata ua nimepanda, nimeweka kopo kubwa pale ukutani karibu na geti, zilipo mita zetu, pamependeza.

Kama huko ofisini kuna mhuri mdogo uliochakaa hamuutumii, nitumie.

Mama yako, Mama Dirisha (usicheke).

*

Tarehe 12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika haraka, kondakta ananingoja.

Nimepiga simu yako siku nzima, imezimwa. Nimepiga ofisi ya maji ya huko kwenu. Kwao ni kinyume cha kwetu. Huko mtu lazima alipe sehemu ya kwanza, hata ndogo, kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi huu. Hapo ndipo jina lake linaingia kwenye mpango wa msaada. Asiyelipa chochote anahesabiwa amekaidi. Anakatiwa, na kurudishiwa maji kuna faini juu ya deni.

Waambie wote leo. Mwambie Mfuaji kwanza. Waambie nilikosea mimi, ukitaka. Mama, ondoa ile meza.

Binti yako.

*

Tarehe 5 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sijui u mzima au vipi, maana kondakta amerudi mikono mitupu mara tatu. Anasema anakupa barua, unaipokea, unaingia ndani.

Sina hasira. Nilikuwa nayo kidogo, imekwisha.

Nikwambie lililotokea hapa juzi. Alikuja mama mmoja amevaa nguo zake nzuri, za kutokea, na mkoba ameukumbatia. Akasema amekuja kwa ajili ya jirani. Foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Mama, tuna watu wengi, sema tu kwamba ni wewe." Nyuma yake mtu akacheka. Yule mama akainuka, akanishukuru, akaondoka. Akanishukuru, Mama! Nimemtafuta kwa namba ya mita siku mbili, simpati, kwa sababu hakuwa ameitaja bado. Kila nikikaa kwenye kile kiti namwona mgongo wake.

Nilipokuwa namwangalia akitoka ndipo nilipoona nilichokifanya kwako. Nilijua jirani yako ni nani tangu barua ya kwanza. Hakuna anayejua habari za ndani ya tangi la choo la mtu asiyemjua sana. Nikakuandikia kana kwamba sijui, nikaona ni heshima. Pengine ningekuja tu.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Binti yako.

*

Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. U mzima? Mimi nipo. Kuwapo tu.

Hii barua nimeianza mara nyingi na mara zote nimeanza kwa kujisifu, mkono umezoea. Leo ngoja niandike kama ninavyokata kitambaa, mkasi ukishaingia haurudi.

Barua yako ya haraka ilifika kabla ya tarehe kumi na tano. Ilifika siku mbili kabla. Niliisoma nimesimama. Nikasema nitawaambia jioni. Jioni nilikaa mezani, miwani usoni, akaja yule mstaafu, akaniambia, "Mama Dirisha, tangu uniambie nitulie nalala mpaka asubuhi." Nimwambie nini? Nikasema kesho. Kesho yake Mama Pacha akaniletea kiti chake chenye mto ili magoti yangu yapumzike. Nikakaa, mwanangu. Nilikaa kwenye ule mto, siku ya mwisho ikapita na mimi nimekaa.

Wakaja. Vijana wawili wa ofisi ya maji, mmoja na spana, mmoja na mfuko wa zile lakiri nyekundu wanazofungia mita. Watu wote wakatoka nje. Kinyozi ana mteja nusu kichwa, naye akatoka. Wakaanza kufunga, mita ya kwanza, ya pili. Mama Pacha akasema, "Subirini, subirini, muulizeni huyu mama, mwanawe ni mkuu wa maji!" Yule kijana wa spana akanigeukia kwa adabu kabisa. "Ndiyo, mama?"

Nikarudi nyuma hatua moja, kuelekea ukutani karibu na geti.

Akaona lile kopo langu la ua. Akasema, "Hapa nyuma kuna mita?" Akalisogeza kwa mguu, taratibu, asimwage udongo. Mwanangu, nyuma ya ua kulikuwa na mita yangu, na kwenye mita yangu kulikuwa na lakiri nyekundu iliyokwishapauka kwa jua. Akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kawaida tu, "Hii iruke, huyu alishafungwa zamani."

Alishafungwa zamani! Hivyo ndivyo ilivyo. Nilikatiwa kabla hujatoka gazetini. Ile siku nachukua picha yako dukani, nyumbani sina maji ya kulowekea hiyo sabuni. Lile ua nililipanda kuziba mita. Simu nilizima kwa sababu ofisi walikuwa wanatuma ujumbe wa deni na mlio wake unasikika kwa Kinyozi.

Ningependa wangenitukana. Kinyozi, mwanangu, Kinyozi ambaye hata kwenye msiba hutafuta la kuchekesha, alirudi ndani akamalizia kichwa cha watu. Mama Pacha alikuja jioni akachukua kile kiti. Hakunitukana. Alisema, "Watoto wanakihitaji."

Sasa nikwambie la Mfuaji, ndilo linaloninyima usingizi. Utajiuliza nilikuwa naishije bila maji. Asubuhi ya pili baada ya kukatiwa nilifungua mlango wa nyuma nikakuta ndoo imejaa, imefunikwa sahani. Nikaiingiza ndani. Ya tatu, ndoo. Siku moja nilimkuta anaiweka. Akasema, "Yamenibakia ya kusuuzia, Mama, usiyaache yakamwagika bure." Yamebaki! Mtu anayefua mashuka ya nyumba nzima ya wageni, maji yanambakia? Alijua. Alijua tangu mwanzo, kabla ya mtu yeyote, na alisimama pale barazani na beseni kichwani akinisikiliza nikimfundisha habari za maji. Akaniuliza ofisi ya hapa wanasemaje, nikamnyamazisha mbele ya watu. Nilikuwa naoga maji yake, tena mara mbili kama nilivyokuringia.

Siku ile walipomfungia alikuwa na mashuka yaliyoloweka, hayajasuuzwa. Alikwenda nayo na beseni mpaka bomba la kulipia kule barabarani, mara nne, mashuka yamemlowesha mgongo wote. Nyumba ya wageni wamechukua kazi wakampa mwingine mwenye maji. Kamba zake sasa ziko tupu, nikifungua dirisha naona kuta.

Na asubuhi iliyofuata, mwanangu, nilifungua mlango wa nyuma kwa mazoea. Ndoo ilikuwepo. Nusu. Kaileta kutoka bombani.

Sikuipokea. Nimeirudisha mlangoni kwake nikakimbia kama mtoto aliyevunja sahani. Tangu hapo natoka alfajiri mbichi kabla hawajaamka, narudi, najifungia. Picha yako nimeibandua. Usifikiri ni kwa sababu yako. Sikutaka ukae unaniangalia.

Sina pa kuweka uso wangu. Nakuomba uniambie la kufanya, na safari hii nitasoma mpaka mstari wa mwisho.

Mama yako.

*

Tarehe 24 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine. Nimeisoma barua yako chooni kazini ili nisilie dirishani.

Nimezungumza na karani wa ofisi ya huko kwenu. Ni dada mmoja ana sauti ya uchovu lakini ana moyo. Hili ndilo alilosema, nami nimemrudishia mara mbili kuhakikisha. Mpango wa msaada haujafungwa. Kila mmoja aende na kitambulisho, bili na sehemu ya kwanza ya malipo, hata kama ni ndogo, na deni litagawanywa. Kuvuja kwa tangi lako watakukubalia kama fundi aliyetengeneza ataeleza.

Kinachowabana wenzako ni ile faini. Wamehesabiwa wamekaidi. Itaondolewa kwa njia moja tu. Yule aliyewaambia wasilipe aje mwenyewe, pamoja nao, aseme mbele ya dirisha kwamba ni yeye aliyewapotosha. Nilimuuliza kama ninaweza kuandika mimi, kwa kuwa maneno yalianza kwangu. Akasema, "Dada, wewe uliwaambia?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi aje aliyewaambia."

Dirisha lao liko ukumbini, Mama, si chumbani. Foleni yote inasikia. Sitaki ufike ukalikute hujaambiwa.

Ningeweza kukutumia fedha za faini zao zote kwa mkopo, na usingekuwa na haja ya kusema hayo ukumbini. Nimelifikiria hilo usiku mzima. Nakuachia wewe. Chochote utakachosema nitafanya.

Wanasikiliza mashauri ya namna hii Alhamisi tu.

Binti yako.

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu, kifungua mimba wangu,

U mzima? Mimi leo ni mzima, na ninaandika nikiwa barazani. Bila meza.

Usikope. Nilikaa na ile habari ya mkopo siku mbili, sikufichi, niliipenda. Nilijiona nimeshagawa bahasha, mlango hadi mlango, Mama Dirisha amerudi! Kisha nikamfikiria Mfuaji akipokea bahasha kutoka kwangu na kusema asante. Hapo nikamwelewa yule mama wako wa nguo za kutokea.

Basi Jumapili nilibisha kwake kwanza. Alikuwa anashona kifungo. Nikasema, "Nimekuja." Akasema, "Karibu Mama, kaa." Nikasema, "Sikai. Nimekuja kwa ajili ya jirani yangu." Sijui kwa nini nilisema hivyo, ulimi ulitafuta njia uliyoizoea. Akaweka sindano. Akaniangalia, halafu, mwanangu, yule mtu asiye na maneno akasema, "Huyo jirani yako ana kichwa kigumu kweli." Nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka nikakaa bila kukaribishwa tena.

Nikamwambia yote. Kwamba barua ilifika kabla ya siku. Hilo hakuwa analijua. Uso wake ulibadilika, na hakuuficha. Akasema, "Siku mbili kabla?" Nikasema, "Siku mbili." Akasema, "Ningeweza kulipa, Mama. Ile fedha sikuinunulia sabuni, ilikuwa bado iko kwenye kikombe." Hakusema kwamba si kitu. Sikutaka aseme. Nilipotoka hakunisindikiza.

Wengine niliwakusanya barazani jioni. Nilisimama, magoti yakasimama. Nikawasomea barua yako ya kwanza, na safari hii sikukunja karatasi. Nilipofika pale "kila mji una ofisi yake" nikaurudia huo mstari. Kinyozi akasema, "Kumbe barua ilikuwa ndefu!" Mama Pacha akamwambia anyamaze. Mstaafu aliuliza faini ni kweli itaondoka. Nikamwambia sijui. Hiyo "sijui" jinsi ilivyonitoka kwa shida, ungedhani ninang'olewa jino. Nikamwambia tutasikia dirishani kutoka kwao wenyewe. Akasema basi tangu leo halali tena mpaka siku yenyewe.

Mama Pacha ndiye aliyeuliza, "Na utasema mbele ya watu wote?" Nikasema ndiyo. "Foleni nzima?" Ndiyo. "Hutasema kwamba ni mtu fulani aliyekwambia?" Aliniuliza bila kupepesa macho, na alikuwa na haki. Nikasema sitasema.

Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa. Nimepiga pasi gauni langu la kawaida, lile la cherehani, lenye alama za chaki mapajani. La kutokea nimelirudisha sandukuni. Nimeuza kile kitambaa cha mezani na mabaki ya vitambaa, nimepata sehemu yangu ya kwanza, ndogo, lakini ni yangu. Fundi wa choo amekubali kuja, ingawa amesema nimpe chai. Nitakaa foleni nikiwa wa kwanza. Nikifika kiooni sitapangusa kitu kwa kidole. Nitasema, "Nimekuja kwa ajili yangu." Nitatoa kitambulisho kabla hajaniomba. Hilo likiisha ndipo nitageuka niwaonyeshe wale waliosimama nyuma yangu, niseme kwa sauti, maana sauti unajua ninayo, "Na hawa ni majirani zangu. Hawakukaidi. Waliniamini mimi."

Baada ya hapo sijui watanichukuliaje. Mfuaji bado hajazungumza na mimi tangu Jumapili. Lakini leo asubuhi nilichota maji bombani, ndoo mbili, moja nikaiweka mlangoni kwake wa nyuma, nimeifunika sahani. Jioni nimekuta ndoo tupu kwangu, na sahani yangu imeoshwa.

Lile kopo la ua nimelitoa ukutani. Mita zote sasa zinaonekana, na lakiri zetu nyekundu zimepangana kama vifungo, yangu imepauka kuliko zote. Ua nimempa Mama Pacha, watoto wake wanalimwagia maji ya kunawia.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua ruhusa kazini, uje. Usije kama karani, usimsalimie yule dada mwenye sauti ya uchovu, wala usiniongezee neno. Njoo kama mtoto wangu, simama mwisho wa foleni, unishikie mkoba. Na usivae ile blauzi niliyokushonea, watakujua.

Mstaafu amesema atakuwepo. Kinyozi atafunga kibanda, hajawahi kukifunga hata alipougua. Mama Pacha anakuja na watoto wote wawili. Wale wa nyumba ya jirani wasionisalimia wamesema watakuja ili wasikie kwa masikio yao. Mfuaji nimemwambia kupitia mlango uliofungwa, na ndani kuna mtu aligonga mbao mara moja, nami nimelichukua hilo kuwa ndiyo.

Ni Alhamisi, tarehe kumi na tatu, saa mbili asubuhi, ukumbi wa ofisi ya maji. Wote.

Mama yako.